Mje na Maji Yenu

Majani yaliyofyekwa, yakinyeshewa na mvua ya Machi kisha yakapigwa na jua la asubuhi, hutoa harufu tamu inayoelekea uchachu, kama togwa iliyosahaulika chunguni. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu kule Maguu. Ulipofika msimu wa kutengeneza ngolo, yale mashimo yetu ya Wamatengo yanayoufanya mlima uonekane kama sega la nyuki, ntambo yetu nzima ilinuka hivyo. Ntambo ni mgongo wa mlima unaolimwa na ukoo mmoja. Wanaume walifyeka majani na kuyalaza kwa mistari iliyokatizana, ikafanya miraba. Wanawake walifuata na majembe, wakachimba udongo wa katikati, wakayafukia majani, na juu ya matuta hayo wakapanda maharage. Mvua ikija kwa hasira haikupata njia ya kukimbia na udongo wetu. Ilituama mashimoni, ikanywewa na ardhi taratibu. Bibi yangu mzaa baba alisema maji yale hutembea chini kwa chini, na kwamba yeye anajua yanakotokea. Yalitokea kwenye chemchemi yetu, chini kidogo ya nyumba, baridi kiasi cha kuuma meno.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu Imelda, anayefanya kazi katika nyumba ya wageni pale Mbinga mjini. Wageni wa mkutano wa kahawa walimuuliza waende wapi wakimaliza vikao vyao, naye akanipigia simu. "Babu, wewe ndiye mwenyeji. Niandikie." Ya Ziwa Nyasa niliyaandika bila kuinua kalamu. Waondoke asubuhi, lakini wasubiri kwanza ukungu uondoke kwenye kona za mteremko. Wakifika Mbamba Bay wale samaki wa kuchoma, hasa mbasa. Usipa, dagaa wa huku kwetu, wanunue uliokauka kweli, la sivyo utawanukia garini mpaka makwao. Wakiwa na nafasi wafike Liuli, waone kanisa la kale la Waanglikana, na wawaamkie wazee kabla ya kutoa simu za kupigia picha. Kalamu ilisimama nilipofika Maguu. Imelda alikuwa ameshawaahidi kwamba babu yake atawaonyesha ngolo.

Wageni hawakuwa jambo jipya kwetu. Msimu mmoja, nikiwa bado shule ya msingi, bwana shamba alituletea watatu kutoka mikoa ya mbali, waje kuona jinsi tunavyolima mteremko mkali bila kuupoteza. Bibi aliweka jembe chini. Desturi yake ilikuwa moja: mgeni hazungumzi shida yake kabla hajanywa maji ya chemchemi. Dada yangu Otilia, mdogo wangu, alikuwa ameshateremka na kibuyu, na kabla salamu hazijaisha akawa amerudi, miguu imelowa, hata hahemi. Wawili walikunywa. Wa tatu, mwenye kofia pana, akasema ahsante, akafungua chupa iliyoning'inia kiunoni mwake na kunywa yake.

Bibi hakujua Kiswahili sana, hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikiwafasiria. "Muulize huyu," aliniambia, "nani amemwambia kwangu hakuna maji?"

Yule bwana akacheka kwa aibu. "Shikamoo tena, Bibi. Usinielewe vibaya. Tumbo langu ni la mjini."

"Basi mwambie alirudishe mjini upesi, lisije likafia huku tukaambiwa tulilipe."

Bwana shamba alicheka mpaka akakaa kwenye tuta, Bibi akamfukuza kwa sababu alikuwa amekalia maharage. Mwenye kofia alikunywa. Akaomba kata ya pili. Walipoaga, nilimwona akimwaga maji yake majanini na kumpa Otilia ile chupa aende kuijaza. Jioni, tukichambua maharage jikoni, Bibi alikuwa bado anaisimulia. Alisema mgeni huja na maji yake pale tu anapokwenda kwenye msiba, akijua wafiwa hawana nguvu ya kwenda kisimani. Tulicheka sana. Tulikuwa na maji.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Nilirudi na cheti changu cha kidato cha nne, nikiwa mwanamume mkubwa kuliko wote waliobaki katika ntambo ile, na bei ya kahawa ilikuwa imeanguka. Watu walikuwa wakipanda milingoti, yaani mikaratusi, kwa ajili ya nguzo na kuni za kuchomea matofali. Niliona mlingoti unakua haraka zaidi penye unyevu, kwa hiyo niliupanda kuizunguka chemchemi. Otilia alikuja akasimama shambani, mtoto mgongoni. "Kaka, hapo ni kwenye maji." Nilimjibu kwamba miti ndiyo inayoleta mvua, tulifundishwa darasani. Sikumuuliza yeye alifundishwa nini na Bibi, miaka yote ile aliyoshika jembe nyuma yake mimi nikiwa bweni. Miti ilinipa bati la nyumba na viti vya sebuleni. Chemchemi ilipungua ikawa tope, kisha tope likawa ufa. Na ngolo za juu niliziacha zikavunjika, maana mwenye kuuza nguzo haoni haja ya kulaza majani.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu ni zima. Goti lililoharibika ni la Otilia, ambaye hakuacha kusikia. Yeye ndiye anayeteremka bondeni na ndoo, akipumzika njiani mara nyingi kuliko anavyokiri. Milingoti nimeikata yote, visiki vimechipua. Navichimba kidogo kidogo kwa nguvu za mzee, na ufa ni mkavu vilevile.

Nilipomweleza Otilia habari ya wageni, alifurahi. Ngolo watakazoziona ni zake, kishamba kimoja upande wa pili ambacho hakukiacha kamwe. Akaanza kuhesabu ndoo kwa vidole. "Nitateka tangu siku ya kuamkia. Wakifika wote wanywe."

"Kwa goti hilo?"

"Goti ni langu. Usije ukawaandikia waje na maji yao. Bibi atakufa mara ya pili."

Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kimoja cha vile viti vilivyotokana na nguzo. Zamani, katika ntambo hii, mtoto wa kike alishuka na kupanda na maji kabla salamu hazijaisha. Leo mtoto yuleyule anataka kushinda mlimani kutwa ili mgeni asijue nilichofanya. Nikachukua kalamu nikamalizia. Maguu, wageni wavae viatu vya kupanda mlima, wasikanyage matuta, wamwamkie kwanza dada yangu Otilia, maana shamba ni lake. Na kila mmoja aje na maji yake ya kunywa. Kama wataniuliza kwa nini, nitawapeleka kwenye visiki.