Mishono Mia Moja Ishirini na Saba

Nilikuwa nasuka agaseke, kikapu cha zawadi za harusi ya mjukuu wangu, na harusi ni kesho. Mzunguko ulikuwa na mishono mia moja ishirini na saba. Nikapanga maua ya mishono mitatu mitatu, hayakukutana. Ya mitano, ya saba, wapi!

“Bibi, hiyo ni namba tasa,” mjukuu akacheka. “Haigawanyiki sawasawa hata ukeshe.”

“Siamini mdomo.” Nikamwaga maharage, nikayapanga safu. Baada ya safu za kumi na moja akanishika mkono.

“Basi. Kumi na tatu mara kumi na tatu inaipita mia moja ishirini na saba. Ingekuwa inagawanyika, ungeshaona.”

Nikafumua, nikapunguza mshono mmoja, maua ya mitatu yakakutana.

“Sasa niambie, tasa inayofuata ni ipi?”

“Bibi, naolewa kesho!”

“Jibu kwanza.”