Siku Kaza Alipolala Mchana

Dada yangu hakai. Chai anakunywa amesimama, simu anapokea akitembea, na mgeni akija atamwambia "karibu, karibu" huku anapiga deki chini ya miguu yake. Mimi ninayeishi naye nimechoka kwa niaba yake. Kazini wanamwita Kaza. Ni mfunga mizigo kwenye ghala la vifurushi, na mzigo aliofunga yeye haujawahi kufunguka njiani, hilo nampa. Akishavuta mkanda wa plastiki juu ya katoni, anaupiga kwa ukucha. Ukilia, amemaliza. Usipolia, anakaza tena huku ameuma meno.

Jumanne alirudi anachechemea. Aliruka kutoka juu ya rundo la katoni badala ya kushuka kama watu, akatua vibaya, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Kaa nikuangalie," nikamwambia.

"Nikae? Kwani nimestaafu?" Akapitiliza jikoni.

Basi nikatoka mwenyewe hadi duka la dawa. Muuzaji ni mtu wa polepole, anayeongea kama analipwa kwa neno. Akaniuliza kama mgonjwa anaweza kuukanyagia mguu. Nikamjibu kwamba anaukanyagia kupita kiasi, ndiyo shida yenyewe. Akatoa bandeji ya kuvutika, akanionyesha kwenye kiganja changu.

"Anzia karibu na vidole, ukipanda juu taratibu. Ishike, isibane. Kidole chako kiweze kupita chini yake. Vidole vya mguu vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, fungua hapo hapo. Wakati wa kulala, ivue. Na apumzike, mguu uwe juu ya mto."

Aliposema apumzike nikacheka. "Humjui," nikamwambia.

Nilifika nyumbani nikamweleza dada yote, neno kwa neno. Akaninyang'anya bandeji mkononi.

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kufunga?"

Ikawa balaa. Aliivuta ile bandeji hadi ikakonda, akazungusha, akavuta, akazungusha. Alipomaliza, akaipiga kwa ukucha. Kitambaa kitaliaje, jamani? Akanuna. "Hailii," akasema, akaifungua yote akaanza upya. Halafu akatoa kwenye mkoba ile selotepu pana ya kahawia ya kufungia katoni, maana dada yangu anatembea nayo kama wenzake wanavyotembea na kitana, akaizungushia juu yake. Akalala nayo. Asubuhi akaenda nayo kazini. Nilipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha, lakini nilikuwa napigia ukuta.

Siku hiyo hiyo, saa za mchana, nikiwa kwenye cherehani yangu karibu na mlango, nikamwona anarudi. Dada yangu, kurudi mchana! Moyo ukanilipuka.

"Sisikii vidole," akasema.

Nikamketisha kwa nguvu, nikamvua kiatu. Vidole vilikuwa vya zambarau, vya baridi. Nikachukua mkasi wangu wa kukatia nguo nikaanza kukata ile selotepu, mdomo haunyamazi. Mguu wa mtu umeufanya kifurushi! Ungebandika na anwani kabisa! Bandeji ilipoachia, damu ikarudi, akaguna kwa uchungu. Nikavisugua vidole mpaka rangi ikaanza kurudi na akasikia nikivifinya.

"Sasa kitandani," nikasema. "Mguu juu ya mto."

Akainuka kwa mguu mmoja, akashika njia ya mlangoni.

"Unaenda wapi wewe?"

"Popote. Kitandani siendi."

"Dada, nitakufunga mimi kwenye hicho kitanda!"

"Shemeji yako alilala!" akapiga kelele.

Kwamba shemeji, mumewe, alifia kitandani nilikuwa najua. Alirudi kutoka kazini mchana, akajinyoosha kidogo, hakuamka. Nilichokuwa sijui ndicho alichokisema sasa, amejishikilia kwenye fremu ya mlango.

"Alitaka kukaa tu tuzungumze. Mimi ndiye niliyemwambia lala, nitakuamsha. Mimi, kwa mdomo wangu."

Hasira zote zikaniishia. Nilimwonea huruma hadi nikakosa pa kuweka ule mkasi. Miaka yote hii nilidhani ni kiherehere tu, kumbe dada yangu anaogopa kitanda cha mchana.

Sikumbembeleza, maana angekimbia. Nikaiburuta cherehani mpaka chumbani, nikaisimamisha kando ya kitanda.

"Nashona hapa hapa," nikamwambia. "Utanisikia."

Alikiangalia kitanda kwa muda. Kisha akapanda, akalala chali amejikaza, macho kwenye dari. Nikamwekea mguu juu ya mto, wazi, bila bandeji.

"Isinyamaze hiyo," akasema.

Nikashona. Nilimaliza sketi ya mteja, nikamaliza foronya, nikaanza kushona kitambaa kibovu, kwenda na kurudi. Macho yake yakajifumba. Uzi ukaniishia nami nikaendelea kukanyaga hivyo hivyo, sindano inatoboa tu. Sasa mimi ndiye niliyekuwa situlii: nakanyaga, nainama kuangalia kifua chake kama kinapanda, nagusa vidole, vya moto, nakanyaga tena. Kila pumzi ikichelewa, roho inaniruka. Nikamwelewa.

Mwishowe msuli wa mguu ukanikaza, nikaacha kukanyaga ili niukunjue. Chumba kikawa kimya. Dada akafumbua macho papo hapo, ameshika shuka kwa mikono miwili.

"Nipo?"

"Upo, dada."

"Vidole?"

"Vya moto. Vyote."

Akavichezesha, akaviangalia. Mimi nikaifikia ile bandeji kwenye kiti, nikaanza kuikunja, nikijiandaa kwa ugomvi wa nani atafunga.

"Utanifunga wewe," akasema. "Kidole kipite chini, kama alivyokwambia yule wa dawa."

"Sasa hivi?"

"Baadaye." Akageukia ukutani. "Niache kwanza nilale."