Mteremko wa Mashine

Katika familia ile kumbukumbu zilikuwa kama viti vya sebuleni: kila mtu na chake, isipokuwa Mkia. Yeye alikaa chini.

Mkia ndilo jina alilopewa na ndugu zake kwa kuzaliwa mwisho kabisa, wakati Mama amekwisha kugawa nguo zote za kichanga kwa majirani ikabidi azungukie milango akiziomba tena. Siku hizi ni mwanamke mzima, fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba ya wazazi, na mikono imejaa alama za cheche kama mtu aliyewahi kupigana na jiko. Nusu ya mageti ya mji ule mdogo ni kazi yake. Lakini ndugu zake wakija likizo tu, fundi anayeyuka, anabaki Mkia.

"Mnakumbuka siku ya kigari?" Kaka Mkubwa huanza. Ni mwalimu mkuu huko mjini, na hata akiomba chumvi utadhani anatangaza matokeo ya mtihani.

"Nani asahau?" Dada hudakia. Huyu ni nesi, mtu wa kukusalimia huku amekushika mshipa wa mkono.

Basi hapo chai itapoa. Mji wao ni barabara moja ya vumbi: juu kuna mashine ya kusaga nafaka, chini kuna soko, katikati kuna mteremko ambao hata mbwa huushuka kwa adabu. Marehemu baba yao, fundi wa mikokoteni, aliwaundia watoto kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi. Kaka na Dada wakakipandisha mpaka kwenye mashine, wakakaa, wakakiachia. Breki hakina. Wakampita kinyozi, mteja akageuka kutazama, akarudi kwake na kipara cha upande mmoja. Wakapasua katikati ya mafungu ya nyanya. Wakaishia ndani ya mtaro wa soko, Kaka hana jino wala suruali.

"Jino tu," Kaka husahihisha. "Suruali ilichanika."

"Ilichanika ikaenda zake," husema Dada.

"Na mimi nilikuwa wapi?" Mkia aliwahi kuuliza, alipokuwa bado na tamaa.

"Wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama. Hata meno hukuwa nayo."

Tangu hapo hucheka panapochekwa, kama mtu aliyekodiwa. Hadithi yenyewe anaijua kuliko wenyewe, lakini shahidi wa mgongoni haapishwi.

Safari hii walikuja kwa jambo zito. Magoti ya Mama yalikuwa yamegoma, na Dada alitaka kumhamishia kwake, karibu na hospitali. Gari lingekuja Jumapili. Mkia hakupinga, maana magoti ni magoti. Ila alipiga hesabu yake kimya kimya: Mama akiondoka, likizo zinaondoka naye. Nani atasafiri kutwa nzima kuja kumtazama fundi wa mageti? Kama alikuwa na siku moja ya kuchuma kumbukumbu pamoja nao, ni Jumamosi ile, au ndiyo basi tena.

Asubuhi wakanywa chai, vikombe havijaoshwa, Mkia akasukuma kitu nje ya karakana. Fremu ya mabomba, magurudumu ya pikipiki, benchi pana, usukani wa baiskeli, na rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti la mchinjaji.

"Hiki nini?" Kaka akauliza.

"Kigari. Tunashuka Mteremko wa Mashine. Sote watatu."

Kaka akacheka, kisha akagundua anacheka peke yake. "Mimi ni mwalimu mkuu, Mkia."

"Hapa hakuna mwanafunzi wako."

"Kuna mzazi. Kila mahali kuna mzazi."

Dada alikwisha kuanza kutaja mifupa. "Nyonga, kiwiko, bega. Mfupa wa umri huu ukivunjika unaomba likizo bila malipo. Wewe hujaviona vitu ninavyoviona kazini."

"Nyinyi mmekwisha kupanda," Mkia akasema. "Kila mwaka mnanipandisha kwa mdomo. Leo nataka makalio yangu yenyewe yawepo."

Kaka akatazama viatu vyake. Dada akatafuta mkono wa mtu wa kushika mshipa, akaukosa.

"Na mimi je?" Mama akauliza kutoka barazani.

"Mama, wewe tulia."

"Nilitulia siku ile. Nilisimama kule sokoni na huyu mgongoni, nikawaona mnashuka kama ndege, nikapiga ukelele. Watu wote wakasema maskini, analia."

"Kwani hukuwa unalia?"

"Nilikuwa naona wivu, mwanangu. Nisaidieni nikae."

Ndivyo walivyompandisha kilima, Mama kwenye benchi kama bibi harusi, fimbo yake mapajani, mwalimu mkuu akisukuma na kusalimia wazazi kwa nyusi. Kule juu mwenye mashine alizima injini ili asipitwe na jambo. Mkia akakaa mbele. Mama akamkumbatia kiuno, kidevu kwenye bega lake. Safari hii Mama ndiye aliyekuwa mgongoni.

"Mgonjwa wangu hashuki peke yake," Dada akasema, akapanda nyuma.

Kaka alibaki amekishikilia kigari. "Breki ipo?"

"Ipo. Achia."

Akaachia. Kigari kikasita kama mbuzi mlangoni, kisha kikakubali. Upepo ukamvua Mama kilemba. Kinyozi akausogeza wembe pembeni, maana aliwahi kujifunza. Kuku wakatawanyika, ng'ombe mmoja akasimama kutafakari, na Mkia akasikia nyuma yake mlio ambao hakuutambua mara moja: Mama akipiga vigelegele.

Halafu akasikia viatu vya ngozi. Mwalimu mkuu alikuwa anakimbia, tai begani. "Ningojeni, na mimi nipo." Akaruka, akadandia.

Breki ile ilipimiwa watu watatu wa kawaida. Haikupimiwa chakula cha walimu wakuu. Mkia alikanyaga, ikanuka mpira, ikakatika. Mbele kulikuwa na soko zima na nyanya zake. Kulia, mbele ya karakana ya seremala, kulikuwa na rundo la maranda kubwa kama kibanda. Mkia akakata kona kulia.

Wote wanne wakazama.

Dada akamfukua Mama, akamshika mkono, akahesabu mapigo, akapoteza hesabu, maana mwili mzima wa Mama ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Seremala akatoka na msumeno mkononi, na nusu ya mji nyuma yake.

"Jamani, kumetokea nini hapa?"

Kaka akakohoa kile kikohozi cha kufungua mkutano. Mama akamvuta tai.

"Wewe nyamaza. Mwenye gari aseme."

Watu wakamgeukia Mkia. Akatema maranda, akajifuta mdomo, akainua macho kule juu walikotoka.

"Kwanza mjue," akaanza, "kile kilima asubuhi hii kilikuwa kirefu kuliko hivi mnavyokiona."