Maua Kumi ya DVD

Yule fundi wa Thika sikumwamini tangu siku ya kwanza. Kazi yake ni kutengeneza vibao vya maduka, yale maandishi makubwa ya plastiki ya KINYOZI na HOTELI, na ana mashine ya kukatia inayolia kama mbuzi anayeogeshwa. Nilimpelekea mchoro wa ua la kahawa, petali tano, nikamwambia nataka maua kumi: tisa madogo na moja kubwa. Akauliza ni ya nini. Nikasema ya gitaa. Gitaa la nani? Langu, nimelitengeneza mwenyewe. Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akachungulia nyuma yangu kuona ni mtu mzima gani amenituma.

"Wewe msichana," akasema, "si useme tu ni ya keki."

Gitaa lenyewe lilikuwa karibu kuisha. Lilikula likizo zangu mbili. Mwili wake ni wa mukima, ule mti ambao huku kwetu kila mtu hupanda mpakani ili ajue jirani amesogea kiasi gani. Kipande hicho nilipewa na fundi wa vitanda wa hapa Ruiru, nadhani ili niache kumsumbua kwa maswali. Shingo ni ya mahogani. Nyaya, na zile sumaku za kunasa sauti, nilizifungua kwenye gitaa lililovunjika la mwanafunzi mmoja wa chuo kule Juja. Vitufe vya kuongeza na kupunguza sauti nilivichonga kwa kisiki cha mkahawa, na vidole vyangu viwili bado vina alama.

Kilichobaki ni mapambo ya shingo, yale madoa yanayomwonyesha mpigaji vidole viende wapi. Wenye magitaa ya maana huweka ganda la chaza, linalobadilisha rangi ukilisogeza. Ruiru hatuna chaza. Tuna DVD.

"CD usiniletee," fundi alinionya. "CD inamenyeka kama kitunguu. DVD ile rangi imelaliwa na plastiki huku na huku, haitoki. Leta tano."

Kwenye droo ya chini ya kabati la sebuleni kulikuwa na rundo lake, kila moja ndani ya bahasha nyeupe ya karatasi. Mashine ya kuzichezesha ilikufa nikiwa shule ya msingi na hakuna aliyeililia. Nilitoa tano za juu, nikachungulia upande unaong'aa kama zina mikwaruzo, nikazifunga kwa gazeti. Upande wa pili sikuuangalia. Kwani wewe hugeuza DVD kuangalia nini?

Jumamosi nilirudi Thika kuchukua maua. Niliyahesabu mara mbili mbele yake. Nikayainua moja moja kwenye jua, maana nilishuku amenibadilishia akaweka plastiki ya mapambo ya Krismasi. Nikayageuza: mgongoni alikuwa ameyabandika karatasi nyeusi ya gundi.

"Hii nyeusi umeficha nini?"

"Nimeficha mbao isionekane. Ukitoa, ua litafifia. Toa uone."

Sikutoa. Alitabasamu kama mtu anayejua kitu, lakini huyo hutabasamu hivyo hata akikuuliza saa. Nikabeba maua yangu nikaenda zangu.

Nyumbani nilichimba vishimo kwenye shingo kwa patasi, nikayalaza maua kwa gundi, nikapiga msasa, nikapaka vanishi mikono mitatu. Lile kubwa liko kwenye chuma cha kumi na mbili, kati ya vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo, katikati kabisa ya urefu wa uzi. Jua la dirishani likilipiga linakuwa kijani, ukiinama linakuwa zambarau. Hata Mama, ambaye gitaa huliita "ule mzigo wako", alisimama mlangoni akasema, "Haiya." Kwa Mama hiyo ni hotuba.

Jumatano Tata akaja. Tata ni dada yake Baba, anaishi Juja, na ndiye mtu mzima pekee ambaye hakuwahi kuniuliza gitaa litanisaidia na nini kwenye mtihani. Aliniletea seti ya nyuzi kutoka mjini. Mama akaenda dukani kununua maziwa ya chai, mimi nikaenda bafuni kujiosha unga wa mbao, na Tata akabaki peke yake sebuleni. Sasa hizo dakika chache, ngojea uone zilivyokuja kuzaa watoto.

Ijumaa Baba alirudi kutoka kazini na hasira. Kuna kiploti cha Gitothua, pale anapokaa Cucu, nyanya yetu. Baba anasema siku ya mazishi ya Guka, babu yetu, Tata alishika maikrofoni mbele ya waombolezaji wote akasema hiyo ploti haitaki, kwamba Guka alikwisha kumsaidia kupata yake. Tata sasa anasema hakusema hivyo. Kumbe Cucu alikuwa ameita kikao Jumapili, na Baba alikuwa na dawa yake tayari.

"Nimeazima mashine, tutaweka video ya mazishi," akasema. "Tutazame wote. Aone mdomo wake ukisema."

Akafungua droo ya chini.

Nilikuwa nimekaa kwenye zulia nikifunga uzi wa tatu. Nilisikia bahasha zikipekuliwa, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Baba akamwita Mama. Mama akapekua. Wakatoa droo nzima wakaigeuza juu ya meza. Mpiga video mwenyewe aliacha hiyo kazi akaenda kufuga kuku, na alitutolea nakala moja tu.

"Nani ameingia hapa?" Baba akauliza.

Mama akazipanga bahasha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile anayotumia kanisani kuhusu watu wengine, "Jumatano nilimwacha dadako hapa nikienda maziwa."

Wakatazamana.

Na hapa ndipo nilifanya kile ambacho bado kinanichoma. Ninapoogopa, mdomo wangu hutangulia. Mimi ndiye niliyewahi kubadilisha mlio wa simu ya Baba ukawa punda, na punda akalia katikati ya maombi. Kwa hivyo mtu angetegemea nimejifunza. Nikasema, "Labda aliificha kwa kitambaa cha kichwa. Si mliona kilivyokuwa kirefu?"

Nilitaka wacheke. Mama hakucheka. Akageuka pole pole.

"Ulimwona akikigusa?"

"Nilikuwa natania."

"Nimekuuliza, alikigusa?"

Kila mwanamke mwenye kitambaa hukigusa. Nikasema ndiyo, alikigusa. Kufikia wakati wa chakula, maneno yangu yalikuwa yamekuwa "hata mtoto alimwona", na Baba alikuwa anayasema kwa simu kwa mtu nisiyemjua.

Jumamosi asubuhi nilimpigia fundi wa Thika.

"Zile DVD zangu, zilikuwa na picha upande wa nyuma?"

"Moja ilikuwa na mzee wa kofia. Nilimwonea huruma nikamkata polepole."

"Mzee gani?"

"Sasa nitajuaje? Mzee. Kofia. Tai."

"Alikuwa anacheka?"

"Wewe, nilikuwa nakata maua ama nafanya interviu?"

Nikakata simu. Nilijiambia si Guka peke yake, huku kwetu kila mzee ana kofia. Zile sinema za vichekesho zilizokuwa droo moja na hiyo video pia zina wazee wa kofia, na huyo fundi anaweza kusema lolote ili ajisikie mcheshi. Niliketi na gitaa mapajani nikitazama yale maua kumi, moja baada ya lingine, nikiyashuku yote. Yalikuwa yananirudishia kipande cha uso wangu mwenyewe, kijani kibichi.

Ningeweza kulitoa moja niangalie. Patasi ilikuwa hapo. Lakini vanishi ilikuwa imekauka kama kioo, na nilijua ua likitoka litatoka na mbao. Basi nikajipa sababu. Baba atapoa. DVD itapatikana nyuma ya kabati. Tata ni mtu mzima, atajitetea.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda Gitothua. Gitaa nilibeba, kwa sababu Cucu alikuwa ameagiza alione. Alilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe, akauliza mbona halina tundu kubwa tumboni, akaniambia nipige. Bila spika gitaa la umeme hulia kama mbu ndani ya kikombe. "Ni zuri," Cucu akasema, "halisumbui majirani."

Chai ikanywewa. Halafu Baba akaweka kikombe chini na kuanza. Alisema kuna kitu kimepotea nyumbani kwake. Alisema kilipotea siku fulani. Alisema hataji mtu, na alipomaliza kutomtaja mtu, sisi sote tulikuwa tunamtazama Tata.

Tata akacheka kwanza. "Ati niliiba video? Ya baba yangu?"

"Umeonekana," Mama akasema.

"Na nani?"

"Umeonekana ukiiweka kwa kitambaa."

Nilitamani sakafu inimeze, lakini ilikuwa ya simiti. Tata hakunitazama. Alisimama, akafungua kitambaa chake cha kichwa mbele ya watu wote, fundo kwa fundo, akakikung'uta juu ya meza ya vikombe. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi ambazo sikuwahi kuziona, na ubavuni mwa kichwa zilikuwa chache sana. Akasimama hivyo na kitambaa mkononi.

"Tafuteni," akasema. "Au nivue na viatu?"

Baba akainamisha macho, lakini hakuondoa neno lake. "Mimi nasema tu, mtu wa namna hiyo asiwe anaachwa peke yake na mama yetu humu ndani."

Hiyo ndiyo iliyoniinua. Tata huja kwa Cucu kila wiki kumkata kucha za miguu.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nadhani iko kwa gitaa."

Baba akafumba macho. "Hata leo? Hata leo unacheza?"

"Sichezi."

"Toka nje."

"Baba, si utani. Haya maua ni DVD. Nilizitoa kwa droo."

"Huyu anamtetea kwa sababu ya nyuzi," Mama akasema, na uso wa Baba ukawa kama wa mtu ambaye hesabu imemtokea.

Niliona nikiongea zaidi watanishuku zaidi. Nikaenda jikoni kwa Cucu nikachukua kisu cha kumenyea viazi. Nililaza gitaa kwenye kochi, nikaweka ncha ukingoni mwa lile ua kubwa, maana ndilo lingebeba kipande kikubwa cha picha, na mkono ukakataa. Likizo mbili. Nikasukuma. Vanishi ilipasuka kwa mstari mrefu hadi chuma cha kumi na nne, kisha ua likaruka na kipande cha mahogani kama jino lenye mzizi. Nililiokota sakafuni nikaibandua ile karatasi nyeusi kwa kucha.

Kulikuwa na ukingo wa kofia ya kahawia, na chini yake sikio.

Baba alilichukua, akalitazama, akampa Mama, Mama akampa Cucu upesi kana kwamba linaunguza. Cucu alilisogeza mpaka karibu na jicho.

"Ni lake," akasema. "Hilo sikio nimeliongelesha miaka mingi, na halikuwa linasikia."

Tata akaketi. Baba naye akaketi, na hakuniuliza kwa nini nilikata video ya mazishi ya babake. Alimgeukia dada yake.

"Nani alimwambia aikate?"

"Ngai!" Tata akasema.

"Nauliza tu. Unamletea nyuzi, video inakatwa."

"Nyuzi zilikuja Jumatano," nikasema. "Maua yalikatwa wiki iliyotangulia. Mpigie fundi."

"Huyo fundi pia atakuwa rafiki yenu."

Cucu aligonga meza na lile ua. Aligonga mara moja tu, lakini vikombe vilisikia. "Mwenye hii ploti alipokufa aliniachia mimi. Mimi nimekufa? Mnatafuta sinema ya kugawana nyumba ambayo nimekaa ndani nawapikia chai!" Akamwambia Baba amwombe dadake msamaha. Baba akasema pole, akiangalia ukuta. Mama akasema pole kwa sauti kubwa zaidi kuliko ilivyohitajika. Ploti haikutajwa tena siku hiyo, ingawa nilimwona Baba akimtazama Tata kwa pembe ya jicho, na Tata akimtazama Baba, kila mmoja akihesabu.

Ua, Cucu alilitia kwenye Biblia yake, na hakuna aliyethubutu kuliomba.

Tata alipoondoka nilimfuata hadi getini. Alikuwa amejifunga kitambaa upya, kwa kukaza. Nilijua nikingoja siku nyingine nitatafuta njia ya kulifanya jambo hili kichekesho.

"Tata, ile ya kitambaa ni mimi nilisema. Mama hakuiona. Nilikuwa natania halafu nikaogopa kurudisha maneno."

Alihangaika na komeo la geti kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Nilijua," akasema. "Mamako hana akili ya kubuni uongo wenye mapambo."

"Samahani."

"Mm." Akafungua. "Na hilo shimo utaziba na nini?"

"Sijui bado."

"Usije kwangu kutafuta kitu."

Akaenda. Nilisimama getini nikitazama mabega yake hadi kwenye kona, nione kama yanatikisika kwa kicheko au vipi. Lakini alikuwa amejifunga shali, na kwa shali huwezi kujua.