Kitabu Chenye Mwenyewe

Mzee muuza vitabu wa mtaa wa Kuze hufungua duka baada ya sala ya alasiri, kisha hufuta kila jalada kwa kiganja, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Vitabu vyake vingi vyaeleza jinsi mali inavyozaa mamlaka, na mamlaka nayo yanavyozaa mali. Lamis, mshonaji wa jirani, husimama penye rafu ya nyuma akisoma kimoja asichoweza kukinunua. Moshi wa udi na sauti ya mzee anayejisomea chinichini humchukua mbali, hata kichochoro chote kikawa kama ndoto. Anaamini haonekani.

Jana aliingia bwana mmoja anayejenga hoteli; Lamis akakirudisha kile kitabu rafuni, akasogea pembeni.

“Nipe rafu hii nzima, mzee. Nataka kupambia ukumbi.”

Mzee akaanza kuvipanga vitabu mezani. Alipokifikia cha Lamis, akakiweka kando.

“Niwie radhi, bwana. Hiki kina mwenyewe.”

“Rafu nzima, ama basi.”

“Basi.”

Bwana yule alipotoka, mzee alikirudisha kitabu mahali pake. Akasema bila kugeuka, “Endelea, mwanangu. Ulikuwa umefika pazuri.”