Orodha ya Wanafunzi wa Mwaka wa Tano

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule moja ya kanisa pale Butembo, wakati vita vilipokuwa vimetuzoea na sisi tumevizoea. Milio ikisikika mbali, tuliendelea na somo. Ikisikika karibu, watoto walilala chini bila kuambiwa, kisha wakainuka, wakapangusa vumbi magotini na kuuliza tulifikia wapi.

Mwaka huo prefe, mkuu wetu wa shule, aliniita bureau, ofisini kwake, akaniambia nitafundisha na informatique, somo la kompyuta. Nikamuuliza kwa mashine ipi.

"Anza na tablo, Madame," akasema. "Mashini itakuja."

Nilianza na ubao na chaki. Niliwaambia waandike namna ya kupika maharage, hatua kwa hatua, kama wanamwandikia mtu asiyejua chochote duniani. Msichana mmoja aliandika, "Weka maji." Nikachukua kikombe, nikamwaga maji juu ya daftari lake. Darasa likapiga kelele. "Hukusema niweke wapi," nikamwambia. Siku hiyo walielewa kwamba mashine haina akili ya kukusaidia, inatii tu. Wiki zilizofuata tulitoka uwanjani, wakajipanga kwa majina, wakilinganishana wawili wawili, wakibadilishana nafasi mpaka mstari ukanyooka. Sijawahi kufundisha kwa furaha namna ile.

Mashine ilikuja kweli. Mzazi mmoja mfanyabiashara aliileta kutoka ng'ambo ya mpaka, imefichwa katikati ya mabunda ya vitenge. Tuliiwasha kwa groupe ya kanisa, ile jenereta iliyounguruma mpaka barabarani. Zoezi la kwanza kubwa nililowapa lilikuwa orodha yao wenyewe: jina, umri, kijiji cha asili, kazi ya baba. Niliwaonyesha namna ya kuipanga kwa majina, halafu kwa vijiji. Majina yaliporuka yenyewe na watu wa kijiji kimoja wakakaa pamoja, walipiga makofi. Nami nilipiga.

Wanajeshi waliotawala mji siku hizo walikuja saa nne asubuhi, somo likiendelea. Walikuwa wamesikia groupe, wakaona na nyaya dirishani.

"Hii ni phonie," mmoja akasema. "Munaongea na batu ba mu pori."

Nilimweleza kwamba si redio, haiwezi kuita wapiganaji wa porini wala mtu yeyote. Hakunisikiliza. "Noki noki!" akawahimiza wenzake, wakaibeba mashine pamoja na meza yake. Siku ya tatu ikaja barua: mwalimu aende mji wa Beni, walikoipeleka mashine, kuifungua. Prefe alisema hataniacha niende peke yangu.

Ofisi tuliyopelekwa ilikuwa nyumba ya watu, bado picha ya harusi ikining'inia ukutani. Kamanda alikuwa mtu wa sauti ya chini. Pembeni, nyuma ya mashine ya kupiga chapa, alikaa sekretere wake, msichana aliyeacha darasa langu muhula uliotangulia. Alininong'oneza, "Bonjour, Madame," akainamisha macho.

"Ndani iko nini?" kamanda akauliza.

"Masomo ya batoto, Commandant."

"Inaita nani?"

"Haiite mutu. Haijui kitu ambacho hatukuiambia."

Akanitazama. "Donc, muliiambia nini?"

Mezani mbele yake palikuwa na karatasi yenye majina ya vijiji, yameandikwa kwa mkono. Cha tatu kilikuwa kijiji cha wanafunzi wangu saba, kijiji kilichosemwa kwamba kinaficha wapiganaji. Niliisoma karatasi ile kichwa chini, kutoka upande wangu wa meza. Orodha yangu ilikuwa humo ndani, imeshapangwa tayari. Hata kazi ya kutafuta nilikuwa nimemwondolea.

Nikakaa mbele ya kompyuta. Kamanda alisimama nyuma yangu, nikasikia anavyopumua. Niliandika lile neno fupi la kufuta, nikaandika jina la orodha, nikabonyeza. Sekretere alikuwa amekuja kushikilia waya wa umeme uliolegea. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha mashine. Alisoma.

"Umeandika nini pale?" kamanda akauliza.

 

"Ni namna ya kufungua, Commandant," msichana akajibu kabla yangu. "Bila ile, mazoezi haionekane."

Nikafungua mazoezi. Meza za kuzidisha. Insha ya siku ya soko. Alitazama kurasa mbili tatu, akachoka. Tukaambiwa twende; mashine ilibaki.

Nje nilimweleza prefe nilichofanya. Aliketi juu ya jiwe kando ya barabara, na suti yake ya ibada.

"Imetoka kabisa?" akauliza.

Sikuweza kumdanganya. Ukiiambia mashine ifute, inafuta tu alama ya mahali kitu kilipo. Kitu chenyewe kinabaki humo mpaka kingine kiandikwe juu yake, na mwenye kujua anaweza kukiinua. Hilo nilikuwa nimewafundisha. Nilikuwa nimemfundisha na yule msichana. Sikuogopa moyo wake. Niliogopa siku watakayomlazimisha.

Butembo habari zilitutangulia. Mama mmoja wa kijiji kile alinikuta langoni mwa shule, jembe bado begani.

"Madame, jina ya mutoto yangu iko mu ile mashini?"

"Hapana, mama. Haiko tena."

"Uko na hakika?"

"Niko na hakika."

Alishusha jembe. "Sisi hatukukupatia batoto utuandikie," akasema. Siku ile ile alimwondoa binti yake shuleni. Wengine watano wa kijiji kile wakafuata.

Yule wa saba aliendelea kuja, kijana mpole aliyekaa karibu na mlango. Wiki chache baadaye wanajeshi walimchukua nyumbani kwa mjomba wake, yeye na kaka yake. Hawakurudi. Watu walisema ni jirani aliyewachongea. Wengine walisema ni bahati mbaya tu, kwamba siku hiyo walichukua yeyote waliyemkuta. Mimi niliomba iwe ni jirani. Niliomba hivyo kanisani, nimepiga magoti, nikimtakia jirani nisiyemjua dhambi ile.

Nilikwenda Beni kumtafuta sekretere. Ofisini walinifukuza mlangoni. Nikauliza-uliza mpaka kwa mama yake, huko mtaa wa Beu. Alifungua mlango kidogo, akauzuia kwa mguu.

"Mutoto wangu hapana kuwa hapa."

"Mama, nataka tu kujua kama yuko muzima."

"Usirudie tena, Madame. Minakuomba." Akafunga. Nilisimama pale mpaka jirani zake wakaanza kunitazama.

Nilifundisha mihula miwili zaidi, kwa chaki. Prefe hakuuliza tena habari za mashine. Somo la kupanga orodha nililifanya kwa majina ya vitu vya soko: maharage, muhogo, ndizi, viazi. Mwanafunzi mmoja mgeni aliinua mkono akauliza kwa nini tusitumie majina yetu, ingekuwa rahisi zaidi. Wenzake wakainamia madaftari yao. Nilimwambia aendelee kuandika.