Mteremko wa Simenti Mlangoni mwa Shule

Nikisikia harufu ya simenti mbichi, mgongo wangu unamkumbuka yaya, dada yangu mkubwa. Ugonjwa ulikuwa umeua miguu yake. Kila asubuhi pale Baraka, mji wetu kando ya ziwa, nilimsukuma hadi shuleni katika kiti cha magurudumu alichopewa na misioni, kisha nikambeba kupanda ngazi sita. Alinishika shingo, akininong'oneza siri zake sikioni. Bamama waliokuwa wakishuka ziwani walisimama kunisifu.

Ndipo baba, aliyekuwa masoni, fundi wa kujenga, akajenga mteremko wa simenti kando ya zile ngazi. Ulipokauka, yaya akaupanda peke yake, akizungusha magurudumu kwa mikono. Wasichana wa darasa lake wakamzunguka wakipiga makofi. Kuanzia siku hiyo siri zake aliwaambia wao. Niliuonea wivu ule mteremko kama mtu anavyomwonea mtu mwenzake.

Asubuhi moja nilimtangulia, nikapanga mawe juu ya mteremko. Yaya alifika, akayaona, akaniangalia.

"Ni we umeweka?"

"Mi nitakubeba, yaya. Kama zamani."

"Mudogo wangu, unajua namna ilikuwa inanipa haya, batoto bote banaangalia miguu yangu inaning'inia?"

Sikujua. Nilidhani alifurahi kama mimi.

"Basi, toa," akasema.

Niliyatoa moja moja, naye akasubiri bila kunigombeza. Kisha akapita. Kicheko cha wasichana kikampokea ndani, nami nikabaki nje na jiwe la mwisho mkononi, wivu haujaisha.